Turubai limechuja rangi juu ya viti vya boti

MASWALI YA WASOMAJI

Swali

Mhariri, assalaam aleikum. Mimi na kaka yangu tuna boti ya faiba ya futi 23 tunayoitumia kubebea wageni kutoka Mtwapa. Mwezi wa Aprili, kazi ilipopungua na masika yalipoanza, tuliivuta juu tukaifunika kwa turubai jipya la kitambaa, la buluu iliyokolea, lililoshonwa na fundi wa makochi. Tulipolifunua mwishoni mwa Juni tulikuta viti, ambavyo ni vya reksini nyeupe, vina michirizi ya buluu kila mahali palipoguswa na kitambaa, na kuta za ndani za faiba zimepata mawingu ya rangi hiyo hiyo. Sabuni ya unga haikufua dafu. Kaka alipaka thina kwenye pembe ya kiti kimoja. Buluu ilipungua kidogo, lakini reksini imefifia na sasa inanata kidoleni. Tutayatoaje madoa haya bila kuharibu zaidi? Na je, kosa ni la fundi au ni la kitambaa?

Msomaji, Mtwapa

Jibu

Wa aleikumu salaam. Kabla ya jambo lolote, mwombe kaka yako airudishe thina kwenye makopo ya rangi ya milango, kwa sababu pembe hiyo inayonata haitapona. Nasema hivyo kwa uzoefu wenye aibu: miaka kadhaa iliyopita nilifuta kiti changu kwa thina, nikajisifu kwamba doa limetoka, na kabla ya kaskazi kwisha pale nilipofuta palikuwa pamekauka na kupasuka vipande vidogo vidogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Doa lilikuwa limetoka kweli, na kiti kikafuata.

Ili ujue la kufanya ni lazima ujue rangi iko wapi. Reksini ni plastiki ya PVC iliyotandazwa juu ya kitambaa. PVC peke yake ni ngumu kama bomba la maji, na kinachoifanya ikunjike na kukalika ni vilainishi, yaani vimiminika vyenye tabia ya mafuta vinavyochanganywa nayo kiwandani, ambavyo havifungamani nayo bali hubaki vimejificha ndani yake. Sasa, rangi zinazotumiwa kutia vitambaa vya poliesta kwa kawaida hazipatani na maji. Zinapatana na mafuta. Kitambaa cha namna hiyo kikilala juu ya reksini, jua likalipasha joto turubai na unyevu ukabaki umefungiwa chini yake, rangi huachana na nyuzi polepole na kuhamia kwenye vile vilainishi. Haikai juu ya kiti kama vumbi, bali inazama ndani yake. Ndiyo maana sabuni ya unga ilipita juu bila kuigusa, na ndiyo maana thina ilionekana kufanya kazi: iliyeyusha ngozi ya juu ya reksini na kuvitoa vilainishi, ikaondoka na buluu kidogo pamoja navyo.

Tazama kabatini mwako. Bila shaka kuna kopo la plastiki lililowahi kulala na mchuzi wenye manjano, na tangu siku hiyo ni la njano hata ulisugue kwa nini. Lilelile ukiliweka juani siku mbili tatu, njano hufifia yenyewe. Kiti chako na kopo hilo wana ugonjwa mmoja, na kwa kiasi fulani wana dawa moja.

Kwa hiyo anza kwa upole. Osha viti kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni ya vyombo, kwa brashi laini, ukifuata mishono kwa sababu huko ndiko chumvi na uchafu hujificha, kisha viache vikauke kabisa. Wala usishangae hatua hii ikiondoa robo ya doa, kwani sehemu ya buluu unayoiona huenda ni uchafu uliolowa rangi na si reksini yenyewe.

Baada ya hapo chukua spiriti ya kusafishia vidonda na kitambaa cheupe cha pamba. Jaribu kwanza chini ya kiti, mahali pasipoonekana. Lowesha kitambaa, si kiti. Bandika juu ya doa, kandamiza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, inua, geuza upande safi, rudia. Usisugue kwa nguvu, maana ngozi ya juu ya reksini ni nyembamba na ndiyo inayoikinga na jua. Kitambaa ndicho kitakachokuambia habari: kikiinuka na buluu, endelea, ukikandamiza mara mbili tatu na kikainuka cheupe, basi spiriti imechukua yote inayoweza kuyafikia, na kuendelea ni kuichosha reksini bure. Suuza kwa maji, kausha.

Kilichobaki kitoe kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa famasi. Ukipata ya asilimia 6, ichanganye na maji kiasi sawa. Hii haiitoi rangi ndani ya kiti, bali huivunja humo humo hadi isionekane, na jua huisaidia kazi hiyo. Vaa glavu, lowesha karatasi laini ya chooni au kitambaa cheupe, kilaze juu ya doa, kifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga ili kisikauke, kisha kiweke kiti juani. Chungulia kila baada ya robo saa na usizidishe saa moja kwa siku moja, halafu suuza. Usitarajie kuona mabadiliko makubwa siku ya kwanza. Mimi huwaambia watu wafanye hivyo siku nne au tano, wakipiga picha ya kiti kila asubuhi, kwa sababu jicho linalotazama kila saa halioni kinachopungua.

Mtakaposhauriwa jiki, na mtashauriwa, kataeni kwa adabu. Inaweza kufifiza baadhi ya rangi, lakini hudhoofisha uzi wa mishono ukiwa ni wa nailoni, na ikiachwa muda mrefu huifanya reksini nyeupe igeuke manjano, doa ambalo halina mwenyewe wa kulaumiwa ila wewe. Na yeyote anayetaka kuiongezea nguvu kwa siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo mwondoeni karibu na boti: jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na chini ya turubai au ndani ya kibanda cha nahodha gesi hiyo ni hatari ya kweli, si ya maneno.

Baada ya yote hayo huenda kikabaki kivuli cha buluu. Kama muda upo, kiacheni kiti wazi juani mchana na mkifunike usiku. Rangi nyingi za vitambaa hazivumilii jua la pwani yetu. Kama wageni wanakuja wiki ijayo, basi vile viti viwili vitatu vilivyoathirika zaidi vivisheni upya na vingine viachwe. Hapo ningeshauri kijivu au rangi ya mchanga kwa sehemu za kukalia. Najua nyeupe inapendeza kwenye picha, lakini kiti cha boti ya wageni hulaliwa na taulo mpya, kanga mpya, suruali za jinzi zilizolowa na majaketi ya kujiokolea, na hakuna kati ya hivyo kinachouliza kama reksini yako ni nyeupe.

Kuta za faiba ni habari njema zaidi. Ngozi ya juu ya faiba, yaani jelikoti, ni plastiki iliyokauka ikawa ngumu, haina vilainishi vya kuipokea rangi. Buluu uliyoiona imekaa juu, au imeingia kwenye vinyweleo vya ile sehemu iliyochakaa kwa jua ikawa kama chaki. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, hapo ndipo rangi ilipopata makao. Osha kwa sabuni, kisha futa kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, upite haraka na usirudie sana. Asetoni isidondoke kwenye reksini, wala isikaribie kioo cha mbele kama ni cha plastiki, kwani kitapata nyufa ndogo ndogo papo hapo. Yakibaki mawingu, tumia dawa nzito ya kusugulia ambayo mafundi wa rangi za magari huitumia kabla ya polishi. Msasa namba 1000, kisha 1500 na 2000, pamoja na maji, uwe ni wa mwisho kabisa, kwa kuwa jelikoti yote ina unene wa nusu milimita hivi na haioti tena. Mkimaliza, pakeni nta ya boti na mrudie kila msimu, maana faiba iliyopakwa nta haishiki rangi kwa urahisi. Paneli za mbao zilizopakwa vanishi msizitie asetoni hata kidogo. Sabuni na subira zitatosha.

Umeuliza kosa ni la nani. Fundi wa makochi maisha yake yote anashona vitambaa vya sebuleni, ambavyo havinyeshewi wala haviwekwi juani, na kama mlimpelekea kitambaa wenyewe sioni la kumdai. Kama alikichagua yeye na akawaambia ni cha boti, mna haki ya kuzungumza naye, mkiwa na turubai mkononi. Ila litazameni turubai hilo vizuri kwanza. Mara nyingi kitambaa huwa hakina hatia, na kinachochuja ni ukanda wa pindo au mikanda myeusi ya kufungia, ambayo fundi huinunua kwa mita dukani bila kuuliza. Madoa yenye umbo la mistari iliyonyooka hutoka huko. Yenye umbo la mawingu hutoka kwenye kitambaa chenyewe. Kwa maelezo yako, nyinyi huenda mmepata vyote viwili.

Turubai jipya linunuliweje? Kuna vitambaa ambavyo rangi yake huchanganywa na plastiki ikiwa bado ni uji, kabla uzi haujavutwa, na kuna vinavyofumwa vyeupe kisha vikatiwa rangi. Tofauti yake ni kama wali uliopikwa na manjano sufuriani na wali mweupe ulionyunyiziwa manjano ukiwa mezani. Akriliki ya boti iliyotengenezwa kwa njia ya kwanza ni ghali, lakini rangi yake haina pa kutokea. Poliesta nyingi za bei nafuu ni za njia ya pili. Turubai la buluu la plastiki linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida halichuji, ila likipigwa na jua msimu mmoja au miwili huanza kumeguka, na vile vipande vya buluu hujibandika kila mahali. Mabango ya matangazo yaliyotumika, ambayo siku hizi naona yakifunika boti nyingi, msiyaweke upande wenye picha ukiangalia chini.

Muuzaji akiwaapia kwamba kitambaa hakichuji, msibishane naye. Ombeni kipande cha ukubwa wa kiganja. Kiloweshe, kizungushie kipande cha reksini nyeupe ile ile ya viti vyenu, vitie vyote ndani ya mfuko wa plastiki, fungeni, wekeni juu ya bati na jiwe juu yake, siku tatu za jua. Jaribio la kukipangusa kwa kitambaa cheupe cha pamba, ambalo wengi hulifanya, halitoshi: rangi inayopenda mafuta inaweza kuikataa pamba ikaipenda reksini. Jaribuni na pindo na mikanda vilevile.

Hata kitambaa kikiwa bora, kisilale juu ya viti. Joto, unyevu na kugusana ndivyo vinavyoihamisha rangi, na kuondoa kugusana ni rahisi kuliko kuondoa masika. Simamisheni nguzo fupi katikati, pitisheni fito kutoka omo hadi tezi, turubai likae kama paa la hema, maji yateremke na upepo upite chini yake kutoka upande hadi upande. Mito ya viti inayotoka itoeni, ikakae nyumbani imesimama kwa ubavu. Isiyotoka mnaweza kuitandikia marekani, kile kitambaa cheupe ambacho wafanyabiashara wa Marekani walikileta Unguja katika karne ya 19 kikabaki na jina la kwao, mradi kifuliwe kwanza na kikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa kikilowa na kukaa hivyo kitawaletea ukungu mweusi badala ya buluu.

Swali

Boti yetu iko Mwanza, na turubai letu ni la kijivu. Lakini kwenye viti vyeupe yametokea madoa ya waridi, kama mtu aliyemwaga juisi, na yanazidi. Tumebadilisha turubai mara mbili bila mafanikio. Turubai la kijivu linaweza kutoa rangi ya waridi?

Msomaji, Mwanza

Jibu

Turubai lenu mmelionea. Madoa ya waridi yasiyo na ukingo, yanayoonekana hata pale ambapo turubai halikugusa, hayatoki juu, yanatoka chini. Maji hupenya kwenye mishono, sponji inabaki mbichi, na ndani yake huota vijidudu vinavyotengeneza rangi ya waridi. Rangi hiyo hupanda kupitia kitambaa cha nyuma, ikaingia katika vilainishi vya reksini kwa njia ile ile niliyomweleza ndugu wa Mtwapa, na kutokeza juu. Bandikeni spiriti kwa kitambaa cheupe: kikibaki cheupe, mmepata uthibitisho mwingine.

Mtu akipaka jiki au peroksaidi, doa hufifia wiki kadhaa kisha hurudi, kwa sababu kiwanda bado kinafanya kazi chini. Kifungueni kiti kimoja kilichozidiwa. Vuteni pini za nyuma, ikunjueni reksini, kisha kandamizeni sponji kwa ngumi. Nadhani mtaona maji, na mtasikia harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Sponji hiyo itupwe. Ubao wa chini, ukiwa haujaoza, uoshwe, ukaushwe juani siku kadhaa, utobolewe matundu ya kutolea maji, na sponji mpya iwe ya aina isiyonyonya maji au ile yenye matundu makubwa inayoyaacha yapite. Reksini iliyokwisha kupata waridi inaweza kurudishwa kama rangi yake haiwakeri, lakini kwa kuwa gharama ya fundi ni ile ile, mimi ningeweka mpya.

Swali

Nimenunua turubai jekundu kwa ajili ya boti ndogo hapa Tanga. Mama mkwe ananiambia niliroweke usiku kucha katika maji ya chumvi na siki, kama wafanyavyo kwa kanga mpya, ili lisichuje. Nifuate ushauri wake?

Msomaji, Tanga

Jibu

Mheshimu mama mkwe, lakini siki yake ibaki jikoni. Chumvi hutumika kweli katika kutia pamba rangi, kwa kuwa huisukuma rangi itoke majini iingie kwenye uzi, ila kazi hiyo hufanyika wakati wa kutia rangi, si baada yake. Kuiroweka nguo iliyokwisha kutiwa rangi hakuifungi rangi iliyobaki legevu. Kanga huacha kuchuja baada ya siku kadhaa kwa sababu tumeifua, na rangi ya ziada imekwenda na maji. Na turubai lako, kama ni la poliesta, halihusiki na mambo ya pamba hata kidogo. Isitoshe, linakwenda baharini: kama chumvi ingekuwa dawa, lingeipata kila siku bila malipo.

Lisuuze kwa maji matupu ya vuguvugu ndani ya beseni jeupe, bila sabuni ili usiondoe dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kiwandani, na ubadilishe maji kila mara. Maji ya pili au ya tatu yakiwa meupe, lianike, kisha lifanyie lile jaribio la mfuko na jiwe. Yakiwa bado yana wekundu katika beseni la nne, usilishone wala usilikate. Likaushe, likunje pamoja na risiti, ulirudishe dukani, na uchukue na kile kipande cha reksini ili muuzaji akione mwenyewe.